Mende, Piano na Mtoto Mbele za Watu

Mende hapendi mwanga. Washa taa ya jikoni usiku wa manane uone anavyotimka kutafuta ufa wa kujificha. Tabia hiyo ndiyo aliyoitumia mwanasaikolojia Robert Zajonc na wenzake wa Marekani katika utafiti waliouchapisha mwaka 1969. Walitengeneza njia ndogo za aina mbili. Ya kwanza ilinyooka: taa kali nyuma, giza mbele, mende akimbie moja kwa moja. Ya pili ilikuwa na njia panda, na ili afike gizani ilimbidi akate kona. Kando ya njia hizo waliweka visanduku vya plastiki angavu, na ndani yake wakatia mende wengine. Hao ndio waliokuwa watazamaji.

Kwenye njia iliyonyooka, mende aliyetazamwa alifika mapema kuliko aliyekimbia peke yake. Kwenye njia panda, aliyetazamwa alichelewa. Wanasayansi wengine waliurudia utafiti huo na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Kule kuchelewa walikuona tena, ila ile kasi ya ziada hawakuipata, kwa hiyo nusu ya habari ya mende ina walakini. Kwa binadamu mambo yamekaa vizuri zaidi. Mwaka 1982 watafiti waliwachunguza kimyakimya wachezaji wa biliadi, ule mchezo wa meza ambao vijana wetu huuita pool. Wachezaji wazuri walikuwa wakifunga asilimia 71 ya mipigo yao. Watu wanne waliposogea kuwatazama, wakapanda hadi 80. Wachezaji dhaifu walikuwa kwenye 36. Walipotazamwa wakashuka hadi 25.

Maelezo ya Zajonc, ambayo alikuwa ameyatoa tangu mwaka 1965, ni mepesi. Macho ya watu huuamsha mwili, na mwili ulioamshwa hutoa kwanza kile ulichokizoea kuliko vingine vyote. Ukiwa umezoea kupatia, watazamaji watakusaidia. Ukiwa umezoea kubabaika, utababaika, tena kwa haraka.

Habari hii ingefaa kubandikwa juu ya kila piano ambayo mtoto anaitumia kujiandaa kwa onyesho la wanafunzi, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam. Wapo pia wanaojiandaa kwa mitihani ya ABRSM, bodi ya muziki ya Uingereza ambayo madaraja yake 1 hadi 8 yanajulikana sana kwa wazazi wa miji yetu. Huko watazamaji hupungua hadi mtahini mmoja tu, na mtoto hutetemeka vilevile. Mzazi hujiuliza: mbona nyumbani anaupiga wimbo wake vizuri? Jibu la wanasayansi ni kwamba kwanza tuangalie huko nyumbani anaupiga vipi.

Sikiliza nje ya mlango wa sebule yoyote yenye mwanafunzi wa piano. Anaanza wimbo wake vizuri, mstari wa kwanza, wa pili. Kwenye mstari wa tatu kidole cha nne cha mkono wa kushoto kinakosea. Anasita, anapapasa, anakipata kitufe, anaendelea hatua mbili, anakosea tena. Sauti ya mama inatoka jikoni: "Rudia!" Mtoto anarudia, tena kutoka mwanzo kabisa. Baada ya nusu saa mwanzo umepigwa mara nyingi sana, mwisho umepigwa mara chache, na pale kwenye mstari wa tatu mtoto amejifunza kitu ambacho hakuna aliyekusudia kumfundisha: kukosea, kusita, kupapasa, kuendelea. Amekirudia mpaka kikawa tabia. Siku ya onyesho, mwili ukishaamka, tabia hiyo haitasahau kuja.

Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin walilichunguza jambo hili mwaka 2009, wakitumia wanafunzi 17 wa piano wa ngazi ya chuo. Kila mmoja alipewa kipande kifupi na kigumu kutoka kwenye konseto ya kwanza ya piano ya Shostakovich, akaambiwa afanye mazoezi kwa muda aupendao. Kesho yake aliitwa akipige. Watafiti waliwapanga wapigaji hao kwa ubora, kisha wakarudi kwenye picha za video kuangalia nani alifanya nini. Dakika za mazoezi hazikulingana na ubora. Idadi ya marudio nayo haikulingana. Kilicholingana ni uwiano: katika mara zote ulizokipiga, ni ngapi zilikuwa sahihi?

Na waliofika juu walikuwa wakikosea pia, hasa mwanzoni. Tofauti yao ilikuwa kwenye sekunde zilizofuata baada ya kosa. Walisimama palepale, wakatafuta chanzo, wakapunguza mwendo mpaka vidole vikapita bila kujikwaa, wakapapiga mahali hapo pekee mpaka pakatulia, ndipo wakaongeza mwendo kidogokidogo. Kosa moja halikupewa nafasi ya kujirudia mara nyingi. Kwa hiyo ile amri ya kutoka jikoni inahitaji kuongezewa neno: rudia wapi, na kwa mwendo gani? Mzazi asiyejua nota hata moja anaweza kuuliza hivyo. Hapohapo penye kosa, polepole kiasi cha kuchosha, mkono mmoja kwanza ikibidi, halafu hatua moja kabla ya hapo na moja baada yake.

Hadi hapa mwalimu yeyote makini ataitikia kwa kichwa. Tatizo linaanza pale tunapodhani kwamba mtoto aliyefanya mazoezi kwa namna hii sasa yuko tayari kwa jukwaa. Hayuko, kwa sababu kile kilichomfanya ajifunze vizuri, kusimama kila anapokosea, ndicho hasa hatakiwi kukifanya mbele ya watu. Tumemzoesha kusimama. Kisha tunampandisha jukwaani na kumwambia asisimame. Nadhani ndipo maandalizi mengi yanapovunjikia, na mtoto hulaumiwa kwa woga wakati alichofanya ni utii: amekosea, akasimama, kama alivyofundishwa.

Kupiga moja kwa moja bila kusimama ni kazi nyingine, nayo ina mazoezi yake. Wiki tatu hivi kabla ya onyesho, kila siku iwe na mpigo mmoja unaoitwa wa jukwaani. Mtoto anatoka nje ya chumba, anaingia, anatembea hadi kwenye piano, anainama, anakaa, anaweka sawa kiti, anahesabu mapigo kichwani, anapiga mpaka mwisho litokee litokalo, anasimama, anainama tena, anatoka. Mkono wa kushoto ukipotea, wa kulia uendelee. Mikono yote ikipotea, aruke mbele mpaka mahali anapopajua. Marufuku kurudi nyuma. Marekebisho yanakuja baadaye, baada ya maji ya kunywa, na hayo sasa yanafanywa kwa mtindo wa kina Duke. Mzazi katika mpigo wa jukwaani ana kazi moja ngumu kuliko zote: kunyamaza, na kuusimamisha uso wake usioneshe chochote pale nota mbaya inapolia. Watoto husoma nyuso haraka kuliko nota.

"Aruke mbele mpaka mahali anapopajua" ni rahisi kusema. Je, anapajua? Hapa kuna utafiti ninaoupenda kuliko wote katika habari hii. Roger Chaffin ni mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Connecticut. Mpiga piano Gabriela Imreh alipoamua kujifunza sehemu ya tatu ya Konseto ya Kiitaliano ya Bach ili aipige kwa kichwa, alikubali mazoezi yake yarekodiwe tangu siku ya kwanza. Yalichukua zaidi ya saa 30 zilizotawanyika katika miezi kadhaa. Chaffin alihesabu kila mahali aliposimama na kila mahali alipoanzia. Kitabu chao, walichokiandika pamoja na Mary Crawford, kilitoka mwaka 2002.

Walichokiona ni kwamba Imreh alikuwa haanzii ovyo. Aliugawa muziki katika sehemu kufuatana na muundo wake, na mara nyingi alianzia mwanzoni mwa sehemu hizo. Baadaye akajiwekea alama nyingine za kukumbuka: hapa vidole vinavuka, hapa mada imerudi lakini inageuka, hapa hisia zinabadilika. Zaidi ya miaka miwili baada ya kujifunza aliombwa aandike nota za sehemu ya muziki huo kutoka kichwani, bila piano mbele yake. Mianzo ya sehemu ndiyo aliyoikumbuka vizuri zaidi. Kadiri alivyosogea mbele kutoka kwenye mwanzo wa sehemu, kumbukumbu ilipungua.

Maana yake ni kwamba tunakumbuka muziki kwa njia mbili zinazofanya kazi pamoja. Moja ni mnyororo: nota hii inaivuta ile, kidole hiki kinakivuta kile, na hakuna anayefikiri. Mnyororo hujijenga wenyewe kwa kurudia, ndiyo maana watoto hukariri haraka na kutushangaza. Kasoro yake ni kwamba ukikatika, hauna mahali pengine pa kuanzia isipokuwa mwanzo. Njia ya pili ni vituo vilivyowekwa kwa makusudi, na mtoto anaweza kukifikia kituo moja kwa moja kwa kukifikiria. Kondakta wa daladala hahitaji kurudi Mbagala ili akumbuke baada ya Mtongani kinakuja nini. Abiria aliyesinzia njia nzima ndiye anayeshtuka na kuuliza tumefika wapi.

Mwalimu mmoja wa Dar es Salaam anaviweka vituo hivyo kwa penseli na vipande vya boksi la viatu. Nilimwangalia akifanya kazi na binti wa miaka tisa hivi, miguu yake ikining'inia bila kufika kwenye pedali. Juu ya karatasi ya nota alikuwa ameandika herufi, A hadi F, kila moja pale wimbo unapoanza wazo jipya. Vipande vya boksi vilikuwa na herufi hizohizo, vimefunikwa juu ya piano.

"Chagua."

Binti akafunua. "D."

"Usiangalie karatasi. D kunatokea nini?"

Binti akafumba macho. "Mkono wa kushoto unapanda huku... wa kulia unasubiri."

"Haya, piga."

Akapiga kutoka D hadi mwisho wa D, akafunua nyingine. Ilikuwa B. Akanuna kidogo, maana B hakuipenda, akaipiga. Kisha wakabadilisha: binti anapiga kutoka mwanzo, mwalimu anapiga makofi ghafla na kutaja herufi, binti anaruka hadi huko bila kukata mapigo. Alicheka kila aliporuka. Kilichonivutia ni lile swali la kunatokea nini. Mtoto alitakiwa aseme kwa maneno kabla vidole havijagusa kitu, na hapo ndipo kituo kinapowekwa akilini. Kuanzia D kwa macho yaliyotua kwenye karatasi si kazi ileile. Mwalimu aliniambia kwamba kwa kawaida sehemu ya mwisho huifundisha kwanza, ili mtoto awe anaelekea kwenye anachokijua badala ya kukimbia kutoka kwenye anachokijua. Sijui utafiti wa watoto uliopima hasa mbinu hiyo, lakini inalingana vizuri na ile hesabu ya sebuleni, ambako mwisho wa wimbo ndio hupigwa mara chache.

Turudi kwa watazamaji. Zajonc ametuambia wanachofanya. Je, mtu anaweza kuwazoea? Sian Beilock na Thomas Carr waliuliza hivyo mwaka 2001, ila kwa gofu. Waliwafundisha watu wasio na uzoefu kusukuma mpira kwenye shimo. Baadhi walijifunza wakiwa peke yao, baadhi wakiwa wanasikiliza maneno ya kuwavuruga akili, na baadhi mbele ya kamera, wakiambiwa kwamba wataalamu wataitazama picha yao. Halafu wote wakawekwa katika hali ya shinikizo. Waliojifunza mbele ya kamera ndio ambao hawakuharibikiwa. Wengine walishuka.

Kifaa cha utafiti huo tunacho mfukoni. Siku ya onyesho simu zitainuliwa ukumbi mzima, shangazi atasimama katikati ya njia ili apate picha nzuri, na mtoto ataona vioo vidogo vinavyong'aa badala ya nyuso. Basi simu iwekwe juu ya kochi tangu wiki ya kwanza ya mipigo ya jukwaani, na video itumwe kwa bibi kijijini, na mtoto ajue kwamba inatumwa. Wakaribishwe watoto wa jirani Jumamosi, wakae sakafuni, wale karanga, waruhusiwe kuchoka. Mtoto aliyewahi kumaliza wimbo wake huku mdogo wake akilia na umeme ukikatika hatatishwa na mtu anayekohoa kwenye safu ya tatu.

Wakati wenyewe ukifika, mwili utafanya yake. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huongeza kasi, damu hupungua kwenye ngozi na vidole kwa ajili ya misuli mikubwa. Ndiyo maana mikono huwa baridi hata Dar es Salaam mwezi Februari, na Nairobi mwezi Julai hali huwa mbaya zaidi. Maji ya uvuguvugu au kuficha mikono kwapani dakika chache kabla ya kuitwa husaidia kuliko maneno. Misuli nayo hukaza. Watafiti wa Japani walioongozwa na Michiko Yoshie walipima wapiga piano 18 wenye ujuzi wakiwa mazoezini na wakiwa kwenye mashindano, wakachapisha matokeo mwaka 2009. Kwenye mashindano moyo ulikwenda mbio, jasho likaongezeka, misuli ya mabega na mikono ikafanya kazi zaidi, na ile misuli ya mkono ambayo kawaida hupokezana, mmoja ukikaza mwingine ukilegea, ikakaza kwa pamoja. Mkono ukikaza pande zote mbili hupoteza wepesi wake. Kumwambia mtoto ashushe mabega na atoe pumzi ndefu kabla ya kuweka vidole si adabu za jukwaani tu.

Mara nyingi pia ataanza kwa kasi mno. Mwili ulioamka huona mwendo wa kawaida kama wa konokono. Dawa ni ile hesabu ya mapigo kichwani kabla ya nota ya kwanza, lakini asihesabu mwanzo wa wimbo, ambao mara nyingi ni rahisi na hushawishi kukimbia. Achague mahali pagumu kuliko pote, auimbe mstari huo kimyakimya kwa mwendo anaouweza, na mwendo huo ndio aanze nao.

Na tumwambie nini? Karibu kila mtu mzima husema "tulia, usiogope." Alison Wood Brooks wa Harvard alilijaribu jambo lililo karibu na hilo mwaka 2014. Aliwaita watu waimbe karaoke mbele ya mtafiti, mashine ikiwapa alama kwa usahihi wa sauti na mapigo. Kabla ya kuimba, baadhi waliambiwa waseme kwa sauti kwamba wana wasiwasi, wengine waseme kwamba wana hamu na msisimko, wengine hawakuambiwa waseme kitu. Waliotamka msisimko walipata wastani wa asilimia 81 hivi. Walionyamaza, 69. Waliotamka wasiwasi, 53. Maelezo yake ni kwamba kutoka kwenye wasiwasi hadi utulivu ni safari ndefu, maana moyo lazima ushuke. Kutoka wasiwasi hadi hamu moyo unabaki ukienda mbio, kinachobadilika ni jina unalozipa mbio hizo. Walioshiriki walikuwa watu wazima na karaoke si Bach, kwa hiyo nisingeapa kwa takwimu hizo kwenye onyesho la watoto. Lakini "moyo unakwenda mbio kwa sababu umejiandaa" ni kauli ya kweli, na mtoto anaweza kuihakikisha kwa kuweka mkono kifuani. "Hakuna cha kuogopa" hawezi kuihakikisha.

Watoto wenyewe wamepimwa, tena wadogo sana. Hélène Boucher na Charlene Ryan walichapisha mwaka 2011 utafiti wa watoto 66 wa miaka 3 na 4 waliokuwa kwenye madarasa ya muziki ya awali. Kila mtoto alishiriki katika maonyesho mawili ya kikundi, moja mahali alipopazoea na jingine mahali pageni, na kiwango cha kotisoli, homoni ya mfadhaiko, kilipimwa. Kulikuwa na mambo matatu yenye uzito: kama mtoto aliwahi kupanda jukwaani, kama anapafahamu mahali, na kama hili ni onyesho la kwanza au la pili. Umri wa miaka mitatu haumkingi mtu na wasiwasi wa jukwaa, wala kipaji kikubwa hakimkingi: Glenn Gould alikuwa na miaka 31 na jina duniani kote alipopiga onyesho lake la mwisho la hadhara mwaka 1964, akahamia studio moja kwa moja.

Suala la mahali lina uzito wa pekee kwetu, kwa sababu ya chombo. Watoto wengi wanafanya mazoezi kwenye kibodi ya umeme yenye vitufe 61, imewekwa juu ya meza ya kulia chakula au stendi inayoyumba. Ukumbini kuna piano halisi yenye vitufe 88. Kila kitufe cha piano hiyo kinainua nyundo, na kukishusha kunahitaji uzito wa takriban gramu 50. Kibodi nyingi za bei nafuu zina springi nyepesi tu. Mtoto anabonyeza kama alivyozoea na nusu ya nota hazitoki. Au zinatoka kwa kishindo, anashtuka. C ya katikati haipo mahali ilipokuwa akilini mwake, maana upande wa kushoto vimeongezeka vitufe. Kiti ni kirefu. Pedali iko imara sakafuni, haitelezi kwenye vigae kama ile ya plastiki ya nyumbani, na inahitaji kisigino. Hayo yote yakimkuta kwa mara ya kwanza jukwaani, tumemwandalia njia panda ya mende wa Zajonc kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo kama kuna shilingi ya kutumia kwenye maandalizi, nisingeitumia kwenye gauni wala tai. Ningetafuta saa moja ya piano ya kweli, kanisani, shuleni au kwenye ukumbi wenyewe, mara mbili au tatu kabla ya siku. Hata dakika kumi zinatosha kwa mpigo mmoja wa jukwaani na maswali machache: sauti ya chini kabisa inatoka vipi hapa, kiti kinapanda kwa kuzungusha upande gani, watu watakaa wapi. Isipowezekana kabisa, mtoto aoneshwe picha ya ukumbi na aongozwe kwa maneno kutoka mlangoni hadi kwenye kiti.

Kuhusu usingizi sitasema mengi. Matthew Walker na wenzake walionesha mwaka 2002 kwamba watu waliojifunza kubonyeza mfuatano wa vitufe kwa vidole walipiga haraka zaidi kwa asilimia 20 hivi baada ya kulala usiku, bila mazoezi ya nyongeza. Wapo waliopinga ukubwa wa namba hiyo, wakisema sehemu yake ni vidole kupumzika. Hata hivyo usiku wa kuamkia onyesho hauna mstari wa tatu unaoweza kurekebishwa saa nne usiku. Alale.

Limebaki lile linalowatisha watoto kuliko yote, kwamba watu watasikia nimekosea. Bruno Repp, mtafiti wa Haskins Laboratories huko Marekani, alichapisha mwaka 1996 utafiti ambao kila mwalimu angeusimulia darasani. Alirekodi wanafunzi wa piano wa ngazi ya juu kwenye piano iliyounganishwa na kompyuta, ambayo huandika kila kitufe kilichoguswa, kwa hiyo hakuna kosa linalojificha. Makosa yalikuwa mengi kuliko mtu angedhani. Kisha akawaomba wapiga piano wengine wasikilize na kuyataja. Walinasa asilimia 38 tu. Makosa mengi yalikuwa nota zilizorukwa katikati ya nota nyingine, au nota za jirani zilizoendana na muziki unaozunguka, na sikio liliyapitia juu kwa juu.

Hao walikuwa wapiga piano, wamekaa kuwinda makosa. Shangazi mwenye simu hana nafasi hata ya asilimia hizo. Kosa ambalo kila mtu ukumbini hulisikia, pamoja na mlinzi mlangoni, ni moja: muziki kukatika. Kwa hiyo njiani kurudi nyumbani, mtoto akiuliza kama mmesikia alivyochapia pale kwenye D, mzazi anaweza kumuuliza bila uongo wowote, "D ndiyo wapi?"